Gazeti lililolishwa na kadi za harusi

Swali: Assalaamu alaikum, Mwalimu. Babu yangu alikuwa na matbaa ndogo hapa Malindi, na kwa miaka kadhaa matbaa hiyo ilitoa gazeti la kurasa nne. Babu aliandika, ami zangu walipanga herufi, bibi na mashangazi walikunja. Babu alipofariki, gazeti nalo likafa. Juzi tukihamisha vyombo tumekuta sanduku lenye nakala nyingi, baadhi zimeliwa na wadudu, pamoja na madaftari ya hesabu. Mimi nataka kuandika historia yake, ndugu zangu wanataka tulifufue. Magazeti ya familia ya namna hii yaliishi vipi, na yalikufa kwa nini? Nianzie wapi? (Mjukuu wa mpiga chapa, Malindi)

Jibu: Waalaikum salaam, mwanangu. Mwenyezi Mungu amrehemu babu yako.

Kabla ya lolote, hayo madaftari ya hesabu yaingize ndani leo hii. Watu wakikuta sanduku kama lenu hukimbilia magazeti, daftari likaachwa barazani, na kesho yake kurasa zake zinafungiwa njugu. Gazeti litakuonyesha babu alitaka watu wa Malindi wajue nini. Daftari litakuonyesha ni nani aliyelipa ili wajue. Ukitaka kuandika historia na si sifa za marehemu, anza na mlipaji.

Gazeti la familia la mji mdogo, liwe la Malindi, la Unguja au la Kansas huko Marekani, halikuishi kwa habari. Liliishi kwa mashine. Mashine ilinunuliwa ichape vitabu vya risiti, kadi za harusi, kalenda za maduka, bili za hoteli, vyeti vya madrasa na mabango ya mechi. Kazi hizo ndizo zilizoleta pesa, nazo huja kwa misimu. Siku mashine ikilala, huku wino umenunuliwa na vijana wamekaa, mwenye mashine huona afadhali achape kitu chake mwenyewe. Kitu hicho ndicho gazeti. Ulinganishe tarehe za matoleo na daftari: sitashangaa ukikuta gazeti linaruka wiki za harusi nyingi kabla ya mfungo, kisha linarudi Ramadhani, watu wasipooa wala hakuna kadi za kuchapa. Familia itakuambia babu alikuwa akipumzika. Daftari huenda likasema alikuwa na kazi ya watu.

Kwetu Pwani mashine ilitangulia gazeti tangu mwanzo. Alibhai Mulla Jeevanjee, aliyeanzisha African Standard Mombasa mwaka 1902, alikuwa kontrakta wa reli ya Uganda na mfanyabiashara wa mambo mengi, na gazeti lilikuwa moja tu kati ya mambo hayo. Mwaka 1905 akaliuza kwa Maia Anderson na Rudolf Mayer. Mwaka 1910 likahamia Nairobi, likawa East African Standard, na jina la Anderson likabaki nalo mpaka kampuni ya Lonrho ilipolinunua mwaka 1967. Watu hulikumbuka kama gazeti la walowezi, na ni kweli, lakini kwa umiliki lilikuwa gazeti la ukoo kwa zaidi ya nusu karne.

Mombasa hiyo hiyo, J. B. Pandya alianzisha Kenya Daily Mail katika miaka ya 1920, likichapwa kwa Kigujarati na Kiingereza. Unguja kulikuwa na Samachar, gazeti la Kigujarati la Fazel Master, lililoanza mwanzoni mwa karne ya 20 na kudumu kwa zaidi ya miaka 60, likapita vita viwili vya dunia na hata mapinduzi ya 1964 kabla ya kufungwa. Miaka 60! Magazeti ya vyama na ya serikali mangapi yamefika huko? Siri yake haikuwa kalamu. Wenye matbaa na wenye maduka walikuwa watu wa jamii moja, wakisoma lugha moja, na mwenye duka akitangaza mchele wake alijua wanunuzi wake ndio wasomaji. Tangazo na msomaji walikaa mtaa mmoja.

Sasa uweke kando ya hao mtu asiye na duka wala mashine. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza mwaka 1930, Mombasa, kutoa Sahifa, karatasi ndogo ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, maana ndizo watu wa Mvita na Amu walizozisoma tangu chuoni. Mwaka 1932 akaanzisha Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Alizungumzia elimu, ubadhirifu wa mali kwenye harusi na matanga, na Waislamu wa Pwani kuachwa nyuma katika nchi yao. Kwa ukali wa fikra hakuna gazeti la familia la hapa kwetu linalomkaribia. Lakini gazeti lake halikudumu, ingawa mwenyewe aliishi mpaka 1947 na tangu 1937 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Makala ya Sahifa yamehifadhika kwa sababu alikusanya baadhi yake katika kitabu, Uwongozi, mwaka 1944. Basi kuna gazeti lililoandikwa vizuri likakosa mashine, na kuna magazeti mengi yaliyokuwa na mashine yakaandikwa hivi hivi tu, na hayo ya pili ndiyo yaliyoishi. Mimi sifurahii kulisema hilo, ila ndivyo ilivyokuwa.

Nairobi utamkuta Girdhari Lal Vidyarthi, aliyeanzisha Colonial Times mwaka 1933 na baadaye akatoa Habari za Dunia na Jicho kwa Kiswahili. Matbaa yake ilikuwa ya familia, nayo ikawa kimbilio la wahariri Waafrika wasiokuwa na pa kuchapia. Alifungwa kwa kosa la uchochezi. Jambo hili ulitazame pia katika hati za babu, maana mkono wa sheria haukuishia kwa mwandishi, ulimfikia na mpiga chapa. Mtu mwenye mashine moja, na mashine hiyo ndiyo chakula cha watoto, hupima maneno kwa mizani nyingine. Ukiona habari fulani kubwa ya mwaka fulani haimo kabisa katika gazeti la babu, usikimbilie kusema alikuwa mwoga. Tazama kwanza ni nani aliyekuwa akimpa kazi za kuchapa mwaka huo.

Na usiwasahau waliokunja. Henry Muoria alianzisha Mumenyereri mwaka 1945, gazeti la Kikuyu. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952 yeye alikuwa London, na mkewe Ruth ndiye aliyekuwa akiliendesha huku nyumbani mpaka lilipopigwa marufuku. Jina la mke katika magazeti ya aina hii huwa halimo popote. Umeandika mwenyewe kwamba bibi na mashangazi walikunja. Kama wako hai, hao ndio watu wa kwanza wa kuwahoji, kabla ya ami zako. Aliyepanga herufi anakumbuka mashine. Aliyekunja na kugawa anakumbuka nani alirudisha nakala, nani alikopa mwaka mzima, na toleo gani lilifichwa chini ya kitanda.

Huko Marekani, ambako gazeti la familia lilikuwa jambo la kila mji mdogo, hesabu ilikuwa ile ile ila na nyongeza moja kubwa. William Allen White alinunua Emporia Gazette, Kansas, mwaka 1895 kwa dola 3,000, akiwa na umri wa miaka 27, na gazeti likakaa mikononi mwa kizazi chake baada yake. Storm Lake Times la Iowa lilianzishwa na John Cullen mwaka 1990, ndugu yake Art akawa mhariri, mke na mwana nao wakiwa kazini humo humo. Kwa nakala 3,000 hivi, mwaka 2017 Art Cullen akapata tuzo ya Pulitzer kwa tahariri alizoandika akihoji ni nani aliyekuwa akilipia kesi ya serikali za kaunti kuhusu uchafuzi wa mito. Hapa nataka uone kitu kimoja. Kule, sheria huzitaka serikali za mitaa na mahakama kutoa matangazo rasmi kwenye gazeti la eneo: bajeti, minada, mirathi, zabuni. Tangazo la kisheria likawa mshahara usiokatika. Kwetu, tangazo la mirathi huenda Gazeti Rasmi la Kenya, linalotoka tangu 1899, na zabuni kubwa huenda magazeti ya Nairobi. Marehemu wa Malindi hutangazwa Nairobi, na gazeti la Malindi halipati hata senti. Mtu akikuambia magazeti ya miji midogo kwetu hayakustawi kwa sababu Waswahili hawapendi kusoma, mwambie akatazame ni nani aliyekuwa akipata matangazo ya serikali.

Kitu cha pili kilichowalisha kule na kikatunyima sisi ni tanzia. Familia ya Marekani hulipia tangazo la kifo, la posa, la mtoto kuzaliwa. Na makala ya White yanayosomwa hadi leo ni tanzia ya binti yake Mary, aliyefariki mwaka 1921 akiwa na miaka 16 baada ya kugonga kichwa kwenye tawi akiwa juu ya farasi. Malindi nani atalipa? Mtu akifariki alfajiri, adhuhuri mji mzima umeshajua kwa kipaza sauti cha msikiti, na alasiri ameshazikwa. Gazeti la wiki likifika, watu wako kwenye hitima. Harusi vilevile, kadi ndiyo tangazo, tena babu alishalipwa kwa kuichapa. Habari za mji mdogo wetu zilikuwa zinakwenda bure, tena kwa kasi kuliko wino. Kwa hiyo gazeti la kwetu lilibaki na kazi ya mabishano: dini, shule, ardhi, siasa, na mashairi ya wasomaji kujibizana.

Hata mabishano yenyewe hayakuhitaji karatasi kila mara. Huko Lamu, katika kampeni za ubunge za 1974 na 1975, watu walipambana kwa tenzi na mashairi yaliyorekodiwa kwenye kaseti, maarufu kama kimondo. Upande mmoja ukitoa kaseti leo, kesho upande wa pili unajibu kwa bahari ile ile ya shairi, na kaseti zinazunguka mitaa ya Langoni na Mkomani zikisikilizwa mpaka na asiyejua kusoma. Hakuna mpiga chapa ambaye angeshindana na hilo kwa kurasa nne.

Basi gazeti la babu yako liliwezaje kuishi hata hiyo miaka kadhaa? Jibu moja ni umbali. Daraja la Kilifi, njiani kati ya Mombasa na Malindi, lilifunguliwa mwaka 1991. Kabla ya hapo, basi kutoka Mombasa lilisubiri feri, na furushi la magazeti ya Nairobi likasubiri pamoja nalo. Gazeti dogo lililochapwa Malindi lilikuwa mezani asubuhi, la mji mkuu bado liko ng'ambo ya maji. Tazama tarehe ya toleo lenu la mwisho iko upande gani wa mwaka huo. Siwezi kukuahidi kwamba inahusiana, lakini swali ni halali.

Sasa chukua nakala moja, ya zamani kabisa uliyonayo, pamoja na kioo cha kukuzia, ukae nayo penye mwanga.

Pitisha ncha ya kidole nyuma ya karatasi. Ukihisi vishimo na vinundu vidogo, ilichapwa kwa herufi za madini ya risasi zilizogandamizwa kwenye karatasi. Ikiwa laini kabisa ni ofseti, yaani uchapaji wa bamba laini usioacha vishimo, na hapo huenda haikuchapwa kwa mashine ya babu. Huenda ilipelekwa Mombasa. Toleo la kwanza lililo laini ni tukio kubwa katika historia yenu, hata kama ndani yake hamna neno juu yake.

Kisha tafuta herufi k. Seti za herufi za risasi zilizoletwa huku zilipangwa kwa mahitaji ya Kiingereza. Samuel Morse, yule wa telegrafu, alihesabu herufi katika visanduku vya wapiga chapa akaona uwiano wake: e 12,000, a 8,000, k 800 tu. Kwa Mwingereza k ni herufi ya kupita. Sasa panga kwa Kiswahili: «Katika kikao kile wakulima walikataa kukatwa kodi.» Ukihesabu na ile kubwa ya mwanzo, k imo mara 10, e mara 1. Ami yako akifika nusu ya ukurasa, kisanduku cha k kimekauka na cha e kimejaa pomoni. Ataazima k kutoka seti nyingine, nene kidogo au nyembamba kidogo, au mhariri atageuza sentensi. Kwa kioo utaziona hizo k za kuazima, zimesimama vibaya katikati ya wenzake. Zihesabu toleo kwa toleo. Zikitoweka ghafla, ujue mwaka huo babu alinunua herufi mpya, kisha nenda kwenye daftari utafute pesa zilitoka wapi. Ikiwa ni mwaka wa uchaguzi mkuu, 1969, 1974, 1979, 1983, 1988 au 1992, usishangae sana.

Upungufu huo wa herufi unaeleza na jambo jingine. Matbaa ndogo haikuwa na herufi za kutosha kurasa nne kwa pamoja. Walipanga ukurasa wa 2 na wa 3, wakachapa upande huo wa karatasi, wakarudisha kila herufi kisandukuni mwake, ndipo wakapanga wa 1 na wa 4. Kwa hiyo kurasa za ndani ni za mwanzo wa wiki: mashairi, mawaidha, hadithi, matangazo ya kudumu. Habari mbichi iko mbele na nyuma. Ukikuta habari nzito imebanwa chini ya ukurasa wa 4 kwa herufi ndogo, usidhani wameidharau. Ilifika usiku, na nafasi ilikuwa hiyo tu.

Tazama pia mstari mdogo ulio chini kabisa, wenye jina na anwani ya aliyechapa na mwenye gazeti. Sheria ilidai hivyo, na ndiyo cheti cha kuzaliwa cha gazeti lenu. Anwani ikibadilika, jina la mchapishaji likihama kutoka kwa babu kwenda kwa mwanawe, au namba za matoleo zikianza upya, kuna jambo limetokea nyumbani. Nakili mistari hiyo yote kwa mfuatano, na utakuwa umepata mifupa ya sura yako ya kwanza.

Ulipouliza kwa nini yalikufa, nadhani unategemea niseme redio, televisheni, simu. Zilichangia. Lakini gazeti la familia mara nyingi hufa kwenye mirathi. Mwenye mashine akifariki, mali hugawiwa: mke au wake wana thumni yao ikiwa kuna watoto, mwana hupata mafungu mawili na binti fungu moja. Nyumba inaweza kukaliwa na warithi wote. Mashine ya kuchapa haigawiki. Ikabidi iuzwe ili kila mmoja apate haki yake, na jina la gazeti, ambalo ndilo lililokuwa na thamani, halikuandikwa kwenye orodha ya mali hata kidogo. Hakuna aliyekosea hapo. Wapiga chapa wachache tu walifikiria mapema kuiweka mashine wakfu, au kumuuzia mmoja wa watoto wakiwa hai.

Usidhani ni letu peke yetu. Ukoo wa Bingham wa Louisville, Kentucky, wenye magazeti makubwa ya jimbo, uliyauza mwaka 1986 kwa kampuni ya Gannett baada ya ndugu kugombana, baba mzee ndiye aliyeamua ni heri pesa zigawiwe kuliko watoto. Katika jimbo hilo hilo, Mountain Eagle la mji mdogo wa Whitesburg, lililokuwa la Tom na Pat Gish, lilichomwa moto ofisi yake mwaka 1974, likatoka wiki iliyofuata. Gazeti la mke na mume likapita kwenye moto, na lile la ukoo tajiri likashindwa na ugomvi wa ndugu. Kwa hiyo ukiwahoji ami zako, uliza kwa adabu, tena kila mmoja peke yake, kilichotokea baada ya arubaini.

Kuhusu kulifufua, ndugu zako wana nia njema nami nitawavunja moyo kidogo. Sheria ya Vitabu na Magazeti, ya mwaka 1960, inamtaka mchapishaji wa gazeti aweke dhamana yenye wadhamini. Kwa miaka mingi dhamana hiyo ilikuwa shilingi 10,000. Mwaka 2002 ikapandishwa hadi milioni moja. Kwa kampuni ya Nairobi hiyo ni karatasi ya kutiwa saini. Kwa matbaa ya Malindi ni nyumba. Marekebisho yale yalitetewa kwa hoja ya kudhibiti magazeti ya uzushi ya mitaani, na pengine mengine yalistahili kudhibitiwa, lakini yaliyoumia ni ya miji midogo. Ongeni na wakili kabla hamjanunua hata rimu moja. Na mkishapata majibu yake, jiulizeni swali la babu: mashine itakula nini siku zisizo za gazeti? Kadi za harusi siku hizi hutumwa kwa simu. Vitabu vya risiti vimebaki vichache. Hoteli huchapa bili zenyewe. Bila ya kazi hizo gazeti halina wa kulibeba, na shauku haitoshi zaidi ya miezi michache. Mimi pesa hizo ningezitia kwenye kuhifadhi sanduku na kuchapa kitabu kimoja kizuri.

Nakala zinazokosekana zitafute nje ya nyumba. Sheria hiyo hiyo ilitaka nakala mbili za kila toleo zipelekwe kwa Msajili wa magazeti, kwa hiyo huenda Nairobi ziko ambazo Malindi haziko. Anza na Nyaraka za Taifa, zilizo Moi Avenue, Nairobi, na ofisi yao ya Mombasa iliyo karibu nawe. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, ina magazeti ya zamani mengi. Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi tangu miaka ya 1960, nayo imekuwa ikikusanya magazeti ya Afrika Mashariki na kuyapiga filamu ndogo, mengine ambayo sisi wenyewe tuliyafungia samaki. Ukienda, nenda na majina yote ambayo gazeti liliwahi kuitwa na anwani ya ule mstari wa chini. Karani hatafuti «gazeti la babu».

Za mkononi zitunze hivi. Usizibandike selotepu popote, gundi yake huligeuza jani kuwa kahawia na haitoki tena. Usizipige pasi wala kuzitia laminesheni. Usizipulizie dawa ya wadudu. Zipanguse vumbi kwa brashi laini, zilaze bapa, zisikunjwe, kwenye boksi safi lililoinuliwa kutoka sakafuni na mbali na ukuta wa nje, maana unyevu wa kwetu huingia kwa ukuta. Karatasi ya gazeti ina asidi ya mti ndani yake na jua huimaliza upesi, basi piga picha kwenye kivuli karibu na dirisha, ukurasa mmoja mmoja, simu ikiwa sambamba na karatasi, na kila picha uipe jina la mwaka, mwezi na siku kwa mpangilio huo. Zile zilizoliwa usizitupe. Nusu ya ukurasa yenye tarehe ina thamani kuliko ukurasa mzima usio nayo.

Ukimaliza orodha ya matoleo, iwe karatasi moja tu yenye namba, tarehe, bei na anwani ya mchapishaji, nitumie pamoja na picha za kurasa za mwanzo za daftari la kwanza. Bei ikipanda nieleze ilipanda toleo lipi, na kama daftari lina safu ya «wadaiwa», usiichapishe popote mpaka tuzungumze. Wengi wa wadaiwa hao wana wajukuu mjini.